Monita ya Majaribio na Sura ya Marehemu

Jumanne, 7 Mei

Nimekuwa mtathmini! Si yule msaidizi wa stoo aliyefukuzwa kwa kukutwa amelala juu ya magunia. Si yule mume anayelishwa na mkewe. Mtathmini. Nimelitamka neno hilo mbele ya kioo cha bafuni na kila mara mabega yamekaa sawa.

Habari yenyewe ni hii. Mwenye duka la kompyuta pale karibu na kituo cha mafuta ameingiza monita mpya. Mtaa mzima humwita Bwana Dhamana, kwa sababu hajawahi kumpa mteja dhamana ya kitu chochote. Anataka watu wawili wakae na monita nyumbani kwa wiki moja, wazijaribu kwa gemu na kwa matumizi ya kila siku, kisha kila mmoja aandike tathmini. Tathmini bora itabandikwa ukutani. Aliyeiandika atapata kazi ya kudumu pale kaunta, kushauri wateja. Kiti kinachozunguka! Feni!

Mshindani wangu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi simu. Wanamwita Kidole kwa jinsi anavyocheza gemu. Yeye kapewa monita bapa. Mimi nimepewa iliyopinda, kubwa, nyeusi, pana kuliko meza yetu. Lakini Bwana Dhamana alisema mali haitoki bila rehani. Kidole aliweka simu yake nzuri. Yangu imefungwa rababendi, Bwana Dhamana alipoiona alicheka mpaka akakohoa. Nikafikiri chapuchapu. Nikarudi nyumbani, nikachomoa monita ya mke wangu, nikampelekea.

Hii ni shajara yangu na hakuna anayeniuliza, lakini nijieleze. Monita ya mke wangu ni kitu cha kutia aibu. Ya mraba, mgongo umefungwa plasta, vitufe kavifunika kwa karatasi iliyoandikwa USIGUSE. Anaitumia kutengenezea picha za marehemu. Watu humletea kipicha kilichokunjamana, yeye anakisafisha, anakikuza, kinawekwa kwenye fremu mbele ya jeneza na kwenye vijitabu vya mazishi. Anadai kwamba alitumia muda mrefu kuilinganisha ile monita na printa, akishika picha iliyochapishwa pembeni ya kioo, akibonyeza kidogo kidogo, mpaka sura ya kwenye kioo na sura ya kwenye karatasi zikawa mtu mmoja. Ushirikina mtupu.

Hakuwepo nilipoichomoa. Alikuwa kazini, nyumba ya wageni, anafua mashuka.

Jumatano, 8 Mei

Mke wangu alirudi jana jioni, akaketi bila kuvua viatu, akaitazama meza. Akauliza monita yake iko wapi. Nikasema imekwenda likizo. Hakucheka. Nikamweleza habari ya utathmini kwa ufasaha mkubwa. Hakucheka wala hakupiga makofi.

Akanikumbusha jambo ninalolijua. Fundi Majeneza wa kule nyuma ya soko amempa wiki hii ya majaribio. Kila familia inayomwendea kuchonga jeneza, picha na vijitabu anatengeneza mke wangu. Wakiridhika, kazi yote ya pale inakuwa yake na yeye anaacha kufua. Asiporidhisha, anabaki kwenye mashuka. Na daktari wa zahanati alishamwambia waziwazi kwamba ile dawa ya kung'arishia mashuka inamla kifua, na kifua hakitangoja.

Najua. Asubuhi anakohoa kama mtu anayejaribu kuwasha pikipiki mbovu. Huwa nakaa ukingoni mwa kitanda nikimsikiliza, na inaniuma. Inaniuma kwelikweli. Ndiyo maana ninaitaka ile kazi ya kaunta! Nilimwambia hivyo. Akasema sawa, nikiipata ataninunulia tai, lakini leo ana picha ya muuza mkaa aliyefariki, na anaitengenezea wapi?

Akakubali kuitumia ya kupinda. Akatoa picha ya marehemu dada yake, ile aliyoichapisha vizuri kuliko zote, akaishika pembeni ya kioo, akaanza kubonyeza vitufe. Chakula kikapoa. Macho yakamtoka. Mwishowe akashusha pumzi. Akasema, "Mchana cheza utakavyo. Ila mimi nikirudi niikute hivi nilivyoiacha. Tumeelewana?"

Tumeelewana sana. Picha ya muuza mkaa ilitoka safi. Fundi Majeneza kamsifu mbele za watu. Kwenye tathmini nimeandika: matumizi ya kila siku, alama tisa. Mafanikio haya ni ya monita.

Alhamisi, 9 Mei

Jaribio la gemu. Sijui kucheza gemu, lakini hakimu wa ngumi naye hapigani.

Gemu ni ya askari wanaowindana kwenye majengo yaliyobomoka. Niliingia mlangoni, nikauawa. Nikaingia dirishani, nikauawa. Nikajificha kwenye pipa, nikauawa na mtu ambaye baadaye niligundua yuko upande wangu. Kiti changu ni ndoo iliyopinduliwa, kwa hiyo mgongo nao umeuawa. Alama za starehe: mbili. Nimefuta nikaandika saba, Bwana Dhamana asije akadhani monita ndiyo yenye kosa.

Mchana Kidole akaja, eti kumsalimia dada yake, wakati anajua dada yake yuko kazini. Akasimama nyuma yangu akila karanga. Akasema, "Shemeji, unakufa vizuri sana." Nilikunja uso. Nikamwambia giza la kwenye majengo ni zito mno, adui haonekani. Akasema monita hizi zina modi ya gemu ya kung'arisha giza, kila kilichojificha kivulini kinajitokeza. Akanionyesha kitufe. Nikabonyeza.

Loo! Kona zote zikafunguka. Nikamwona adui amechuchumaa nyuma ya kabati, nikamwona hadi vifungo vya shati. Akaniua vilevile, lakini safari hii nilimwona. Haya ni maendeleo makubwa.

Kidole akaniambia nikimaliza nirudishe ilivyokuwa, dada asije akaharibikiwa na kazi. Nikamwambia asimamie monita yake bapa. Kijicho tu. Anajua nimeshinda.

Nilirudisha kabla mke wangu hajafika. Nadhani ndivyo ilivyokuwa. Picha aliyoitengeneza jioni ilitoka sawa, ingawa ilibidi aguse tena vitufe kidogo na kunitupia jicho.

Ijumaa, 10 Mei

Habari mbaya. Nimepeleleza na kusikia kwamba Kidole ameshamaliza tathmini yake. Ukurasa mmoja! Mtu mwenye ukurasa mmoja hajiamini, au anajiamini kupita kiasi. Yote mawili ni hatari.

Yangu imefika kurasa kumi na moja na bado sijaingia kwenye sura ya waya. Inachokosa ni jalada. Nikakata shauri kuweka picha yangu, ya rangi, mkono kidevuni, macho yakiangalia mbali. Nikajipiga kwa simu ya jirani, nikachapisha kwa printa ya mke wangu. Ya kwanza nimefumba macho. Ya pili sikio limekatwa. Ya tatu ilikuwa nzuri ila ilionyesha ndoo. Nikaendelea kutafuta. Mwishowe printa ikalia, ikasita, ikanitoa mimi nikiwa wa njano tupu kuanzia nywele hadi shingo. Wino umeisha.

Nikatoa vichupa vya wino, nikavitikisa, nikavirudisha. Taa nyekundu ikawaka na haikuzimika. Nikabandika kipande cha karatasi juu ya taa.

Nimeamua pia kuiacha monita kwenye modi ya gemu moja kwa moja. Mtathmini wa kweli lazima ajue modi hiyo ikoje kwa matumizi ya kila siku, na nani anayefanya matumizi ya kila siku humu ndani kama si mke wangu? Nikimwambia, majaribio yanaharibika. Atatazama kwa wasiwasi. Mtu akiwa na wasiwasi hawezi kusema ukweli kuhusu rangi.

Jumamosi, 11 Mei

Leo Fundi Majeneza amekuja mwenyewe, mavumbi ya mbao hadi kwenye kope. Kafariki mwalimu mkuu mstaafu. Mama aliyefundisha nusu ya watu wa hapa kusoma. Anazikwa kesho. Familia kubwa, wanafunzi wake wa zamani ni mabwana na mabibi wenye vyeo. Fundi akasema dada, hii ikitoka vizuri basi hakuna tena majaribio, Jumatatu tunaanza kazi.

Mke wangu alikuwa ametoka zamu ya asubuhi na alitakiwa arudi zamu ya jioni. Akaketi na koti lake. Sijamwona na uso ule siku nyingi, uso wa mtu aliyeona mlango uko wazi. Akanigeukia akaniuliza kama nimegusa kitu kwenye monita. Fundi yuko mlangoni anatazama saa, kiwanda cha uchapaji kinafunga mapema Jumamosi.

Nikasema sijagusa.

Akaanza. Picha ilikuwa moja tu, ya zamani, marehemu kavaa miwani na kola nyeupe, anatabasamu. Mke wangu akashangaa kwamba uso umepauka sana kwenye kioo, hauna kina. Akasema picha imepigwa na jua, masikini. Akaukoleza. Akautazama. Bado umepauka. Akaukoleza tena, na tena, akaongeza vivuli kwenye mashavu na paji la uso, mpaka mama yule akatokea kwenye kioo akiwa hai kabisa, utadhani ataita majina ya darasa.

Mimi nilisimama nyuma. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifungua hata mdomo. Lakini nikafikiri: nikisema sasa, atakasirika, na hasira humletea kikohozi. Basi nikanyamaza kwa ajili ya afya yake.

Akataka kuchapisha nakala moja ya kuhakikisha, kama desturi yake. Printa ikagoma. Akabandua kile kipande cha karatasi, akaiona taa nyekundu, akanitazama. Nikasema wino wa siku hizi unakauka wenyewe. Fundi akapiga hodi ya pili ingawa alikuwa ameshaingia. Mke wangu akaitazama tena ile sura kwenye kioo kwa muda, akatia picha kwenye flashi, akampa.

Akaenda zamu ya jioni akiimba. Kwa sauti ya chini, na kikohozi katikati, lakini akiimba.

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda mazishini. Nilivaa shati la harusi yangu. Nia yangu ilikuwa kukusanya sifa za watazamaji ili niziongeze kwenye tathmini.

Watu walijaa hadi barabarani. Fremu kubwa ilikuwa mbele ya jeneza, imefunikwa kitambaa cheupe. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na ukuta, sare ya kufulia chini ya kanga, ameomba ruhusa ya saa moja tu ili aione kazi yake. Binti mkubwa wa marehemu akafunua kitambaa.

Giza. Doa jeusi lenye umbo la kichwa, ndani yake meno, duara mbili za miwani na kola. Basi. Watu wakafungua vijitabu, na humo nako ni meno na kola, ukurasa hadi ukurasa. Kisha mtu mmoja nyuma akauliza kama hii ndiyo picha au ni kifuniko chake.

Mume wa marehemu akainuka. Mzee sana, anatembea kwa kushikwa mkono. Akaisogelea fremu. Akavaa miwani, akavua, akaifuta, akavaa tena. Kisha akageuka na kuuliza kwa upole, bila kumlenga mtu, "Mke wangu yuko wapi?"

Hapo moyo wangu ulishuka hadi kwenye soksi. Binti mkubwa akaangua kilio, si kile cha msiba, kingine kibaya zaidi.

Nikaona lazima mtaalamu aseme neno. Nikapita mbele, nikamshika mzee bega, nikamweleza kwamba asihofu, bibi yumo humo kwenye kivuli, kila kitu kimo, tatizo ni karatasi. Picha hii ikitazamwa kwenye monita iliyopinda yenye modi ya kung'arisha giza, anaonekana hadi nyusi. Nikasema anaweza kuja kwetu kuitazama kabla ya Jumanne.

Sikumaliza. Mabwana wenye vyeo wana mikono mizito. Nimetoka pale nikiwa na kiatu kimoja, na shati la harusi limebaki na mkono wa kushoto tu. Nilipogeuka kumtafuta mke wangu pale ukutani, hakuwepo.

Jumatatu, 13 Mei

Fundi Majeneza alikuja asubuhi. Hakufoka. Alivua kofia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kufoka. Akasema dada, nakuheshimu, lakini msiba hauna marudio. Akasema lakini kuna kamlango kadogo. Mzee mfiwa hataki fedha ya mtu wala maneno. Anataka picha moja tu ya mkewe ya kuweka chumbani, iliyotengenezwa vizuri. Akiridhika yule, na yeye Fundi atafikiri upya. Wiki hii hii.

Fundi alipotoka, mke wangu akaketi mbele ya monita. Akashika picha ya dada yake pembeni ya kioo. Akaangalia huku, akaangalia kule. Akabonyeza kitufe na modi ya gemu ikajitaja yenyewe kwa maandishi mekundu. Akaniuliza kama niligusa. Nikamwambia Kidole ndiye aliyenionyesha kitufe. Ni ukweli huo, mtu asiniite mwongo.

Mke wangu alivaa kanga akaenda kwa mguu hadi kwa mzee mfiwa kuomba msamaha, peke yake, akarudi na ile picha ya asili mikononi. Akaniambia neno moja refu kuliko yote ya siku hizi: kesho nirudishe hii monita, nimletee yake. Kwenye yake anajua anachokifanya.

Nimemwahidi. Nimepiga hadi kifua konde. Kesho nitakuja na monita yake mkono mmoja na ajira mkono wa pili, na atanyoosha mikono yote miwili kunipokea.

Jumanne, 14 Mei

Siku mbaya. Siku chafu.

Niliamka mapema niipanguse monita ya kupinda kabla ya kuirudisha, kwa sababu Kidole aliacha alama za karanga kwenye kioo. Kitambaa kikavu hakikufaa. Nikakumbuka mke wangu ana chupa ya ile dawa ya kung'arishia mashuka, ya kusugulia choo. Kama inang'arisha mashuka ya wageni, kioo ni nini? Nikamimina, nikasugua kwa nguvu. Ikanukia usafi. Ikakauka. Katikati ya kioo likabaki wingu jeupe lisilofutika. Nikasugua zaidi, wingu likazaa mawingu.

Nikaifunga kwa blanketi nikaipeleka hivyo hivyo. Bwana Dhamana akaifunua, akaiwasha, akanitazama, akaizima. Akasema nimekula ngozi ya kioo, na rehani haitoki. Nikamwomba asome kwanza tathmini yangu, kurasa kumi na nne. Akalitazama jalada akauliza yule mtu wa njano ana homa ya nini. Hakufungua ndani!

Ukutani palikuwa pameshabandikwa ukurasa wa Kidole. Nimeukariri kwa uchungu. Monita nzuri. Macho hayachoki upesi. Kwa gemu inafaa, kwa kuandika inafaa. Waya mfupi, nunua mwingine. Kwisha! Huyo ndiye aliyepewa kiti kinachozunguka.

Monita ya mke wangu ilikuwa juu ya kabati, imeunganishwa na kamera ya mlangoni, ile karatasi ya vitufe imebanduliwa na kila kitu kimebadilishwa. Nilibembeleza. Nilipiga magoti karibu na ndoo ya takataka. Nilitaja kifua cha mke wangu, nilitaja mzee mfiwa. Hata Kidole aliinuka kwenye kiti chake kipya akamwombea dada yake. Bwana Dhamana akasema yeye si ofisi ya ustawi wa jamii. Kidole akaketi tena, akatazama sakafu.

Nilirudi mikono mitupu. Mke wangu alikuwa ameshafuta meza, ameacha nafasi ya mraba katikati yake.

Alhamisi, 16 Mei

Ameirudisha picha kwa mzee bila kuitengeneza. Fundi Majeneza kampa kazi mtu mwingine, kijana mmoja kule sokoni mwenye vioo viwili vya kompyuta. Mke wangu amechukua zamu zote mbili za kufua kila siku, ili alipie uharibifu wa vijitabu vya watu. Anatoka alfajiri, anarudi amelowa hadi viwiko, macho mekundu kwa dawa. Anapokohoa anageukia ukutani. Usiku wa jana nilimwekea mkono mgongoni, akausogeza pembeni taratibu, kama mtu anayehamisha sahani.

Sikukata tamaa. Nilikwenda kwa yule kijana wa sokoni nikaomba aniazime kioo kimoja. Hapana. Basi nikakumbuka kwamba shuleni nilisifiwa kwa kuchora ramani. Nikachora sura ya mwalimu mkuu kwa penseli, kwa kumbukumbu. Kumbukumbu yangu ina miwani na meno, mengine niliyabuni. Nikampelekea mzee. Aliishika karibu na macho kwa muda mrefu sana. Akaniuliza kama huyu ni mimi. Kisha akafunga mlango.

Nadhani ilimgusa.

Jumamosi, 18 Mei

Kidole alikuja mbio mchana, jasho linamtiririka, hana hata kiatu cha maana. Dada ameanguka kwenye chumba cha kufulia. Alikuwa amebeba beseni, akakaa chini, akakosa pumzi, midomo ikawa ya kijivu. Wenzake wamembeba kwa shuka hadi hospitali.

Niliketi kwenye ile ndoo nikashindwa kuinuka. Nilijiuliza humu ndani patakuwaje asubuhi pasipo na kikohozi chake, nikalia. Kidole aliniinua kwa kwapa. Hakunitukana, ingawa uso wake ulikuwa umejaa.

Hospitali hawakuturuhusu kuingia. Mama mkwe alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi na mkoba mapajani. Nilimwamkia. Akaitikia kwa kuuhamisha mkoba upande wa pili. Akamwambia Kidole, kwa sauti ya mimi kusikia, kwamba mwanawe alikuwa na mlango wa kutokea na kuna mtu aliufunga kwa kitasa.

Ni uchungu wa mzazi. Simwekei kinyongo.

Jumapili, 19 Mei

Leo nimemwona. Wodi ndefu, kitanda cha mwisho. Mrija puani, mkono umefungwa. Amekuwa mdogo. Alikuwa amelala, na mama mkwe alikuwa amekwenda kuchota maji, kwa hiyo niliketi karibu na hakuna aliyenifukuza. Nilimshika vidole. Vimechubuka kwa dawa, kucha zimepauka. Nilimwambia nampenda. Nilimwambia pia kwamba kosa lilianzia kwenye karanga za Kidole, lakini si wakati wake.

Kando ya kitanda kulikuwa na monita.

Sikuikusudia, macho yalijiendea yenyewe. Ndogo, nene, mstari wa kijani unapanda na kushuka, namba pembeni. Rangi hafifu. Ukitazama kwa ubavu huoni kitu. Mimi najua vitu hivi. Na sauti yake! Mara ikaanza kupiga kelele za haraka haraka, taa nyekundu inawakawaka, mke wangu akakunja uso usingizini na kifua kikaanza kupanda juu juu. Mgonjwa anahitaji utulivu. Mtu yeyote analijua hilo. Nikatafuta kitufe, nikazima sauti. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikaongeza mwangaza.

Kimya kizuri kikatanda. Uso wake ukalegea. Nilifurahi, nilihisi hatimaye nimemfanyia jambo la maana. Niliketi nikamsimulia habari za mtaani, hili na lile.

Sijui ilichukua muda gani. Mama mkwe alirudi, akamtazama, akaachia jagi. Muuguzi akaja mbio, akakitazama kioo, akanisukuma na kiwiko. Wakaja wengine, mapazia yakavutwa, mtu akaita hewa, hewa. Nilitupwa ukumbini na mlinzi. Nikasimama na uso kwenye kioo cha mlango, naona miguu tu chini ya pazia, ikihangaika.

Baada ya muda muuguzi akatoka, jasho usoni. Akasema anapumua. Akaniuliza kwa ukali nani alinituma kugusa chombo kilichokuwa kinamwita yeye. Nikasema mimi ni mtathmini. Kisha akasema mgonjwa amefumbua macho, amemwuliza kama niko hapa nje, na alipoambiwa niko, ameomba nisiruhusiwe kuingia tena.

Ni homa hiyo inayosema, namsamehe. Nimekaa kwenye benchi la geti, naandika. Kesho nitaomba kuonana na daktari mkuu. Hospitali kubwa hivi, monita chungu nzima, na hakuna hata mtu mmoja wa kuzitathmini! Nimeshaanza rasimu.

Monita ya kando ya kitanda. Gemu: sifuri. Matumizi ya kila siku: nne. Sauti ni kali mno kwa mgonjwa, ila kitufe cha kuizima kiko mahali pazuri, hata mgeni anakipata bila kuuliza.